Jagi la Uji wa Abby

Kiamunyi, Nakuru
14 Oktoba 2024

Binti yangu Abby,

Kabla hujasoma, toa jagi kwenye magazeti polepole uangalie kama mdomo umefika salama. Umefika? Basi keti tuongee.

Usinicheke kwa kukuandikia barua kama watu wa zamani. Simu yako siku hizi hupokewa na kila mtu. Jumapili nilipiga akapokea mumeo Kiprugut, Jumanne nikapiga tena, sikusikia kitu kwa ule mvuke wenu wa mitambo ya umeme unaonguruma. Mambo ya mimba si ya kupigiwa kelele. Nikiitia barua ndani ya chombo, najua itafika mkononi mwako.

Mguu bado uko kwa plasta, na daktari anasema itakaa mpaka mwisho wa Januari. Najua utakachosema, kwamba mwanamke wa miaka sitini na sita hapandi stuli kuteremsha bakuli la supu. Lakini bakuli lenyewe halikupata hata ufa. Nilimwambia daktari hivyo, akaniangalia kana kwamba kichwa nacho kimevunjika.

Sasa jagi. Nimelipata kwa Mboni, yule anayeuza vyombo vya mitumba mtaani Free Area. Aliniletea hapa nyumbani kwa sababu ya mguu, na unajua yeye alidhani ni la nini? La maua! "Mwalimu, hii ni ya kuweka maua, hata chini haina muhuri wa vyombo vya chakula." Nikamwonyesha mdomo wa kumiminia na mkono wa kushikia. Miaka thelathini nimefundisha wasichana sayansi kimu, nimewafundisha kuandaa meza mpaka wakaota ndoto za uma na vijiko, halafu Mboni aje kuniambia chombo ni cha nini. Hili ni la uji. Tazama yale maua ya buluu na ya rangi ya machungwa yaliyochorwa mpaka ndani.

Abby, mwaka jana ulipopoteza ile mimba nilikaa jikoni wiki nzima bila kugusa kitu. Huyu wa sasa lazima afike. Pika uji wa wimbi, uutie humo jioni uchachuke wenyewe mpaka asubuhi. Kunywa kikombe asubuhi na kikombe mchana. Usiutie kwenye plastiki. Mimi nilikunywa uji mchachu miezi tisa nikiwa na wewe, na tazama ulivyo.

Mama yako,
Wawira

*

Olkaria
27 Oktoba 2024

Mum,

Jagi limefika na mdomo wake wote. Ni zuri hata kama si la uji. Kiprugut anasema vyombo vyako vimetushinda idadi humu ndani. Tuna sahani ndefu ya samaki na hatuli samaki. Tuna ya mayai yenye mashimo sita. Na ile nyumba ndogo ya siagi yenye paa, jana ameiinua akaniambia, "Hii siagi inaishi poa kuliko sisi." Kazi ya zamu inamchosha lakini mdomo wake hauchoki.

Uji nakunywa kama ulivyosema. Unachachuka vizuri kuliko kwenye sufuria. Una kaladha fulani kwa mbali, kama kulamba shilingi, lakini hapa kila kitu kina ladha. Mvuke ukigeukia upande wetu, nyumba nzima inanuka mayai.

Mtoto anapiga mateke sana jioni. Kliniki wamesema mwisho wa Januari. Mum, nitakuambia wewe tu: kila nikienda chooni naangalia kama kuna damu. Kila mara. Nikikuta hakuna, nashukuru, na baada ya saa moja naanza kuogopa tena.

Habari nyingine ni kwamba mama yake Kiprugut anakuja Ijumaa kutoka Eldama Ravine. Atakaa mpaka nijifungue, kwa sababu zamu za Kiprugut haziniachi na mtu. Anakuja na vibuyu vyake vya mursik, maziwa yake yale ya kugandisha. Nimefurahi. Ama nisifurahi?

Abby

*

Kiamunyi
2 Novemba 2024

Abby,

Nimesoma barua yako mara tatu. Hii imo ndani ya bakuli la sukari, lile lenye kifuniko. Ukishaisoma, ichome.

Agosti mwaka jana ulikwenda Eldama Ravine kwa Cherono. Ulikula kwake siku tatu. Wiki moja baadaye mtoto akatoka. Sikusema kitu wakati ule na sasa sisemi kwamba alifanya jambo. Nasema tu kwamba ni wiki moja, na mimi nimeihesabu mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Kumbuka pia siku walipokuja kwa mambo ya mahari. Niliandaa meza ambayo sijawahi kuandaa tena: bakuli la supu na upawa wake, chombo cha mchuzi, sinia la keki lenye mguu, vyote. Watu wote walikula. Yeye aliketi mikono mapajani akasema ameshiba. Mtu ametoka Ravine asubuhi, ameshiba nini? Mtu anayekataa chakula chako amekukataa wewe, na damu yako iliyo tumboni mwa binti yako ameikataa vilevile.

Ningekuwa na miguu miwili ningekuja leo. Kwa vile sina, nisikilize. Usile alichopika kama hukumwona akikipika. Maziwa ya vibuyu usionje kabisa, huwezi kujua kumetiwa nini humo ndani. Mwambie daktari amekukataza. Ukihisi njaa, una jagi lako. Kile kilichomo humo umepika mwenyewe, na chombo kimetoka kwangu.

Naogopa, Abby. Sijui kukuficha.

Mama

*

Olkaria
20 Novemba 2024

Mum,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimekuwa mgonjwa.

Ilianza na tumbo, si kama uchungu wa mtoto, ni juu zaidi, linasokota halafu linaachilia. Kisha kichwa. Kisha nikaacha kwenda haja, siku nne, siku tano. Kliniki wamesema damu imepungua, wakanipa vidonge, wakasema wajawazito wengi huwa hivyo. Ile ladha ya shilingi siku hizi iko mdomoni hata kama sijala kitu.

Mum, imeanza wiki moja baada ya yeye kufika.

Sitaki kuamini. Anaamka kabla yangu, ananichemshia maji ya kuoga. Hasemi mengi. Ananiuliza tu, "Umelala?" na "Mtoto amecheza?" Halafu anaketi kunitazama nikila, na mimi nashindwa kumeza. Nimemwambia daktari amekataza mursik. Alitikisa kichwa akakirudisha kibuyu kwenye msumari wake. Supu ninaipokea, nikibaki peke yangu naimwaga kwenye sinki na kufungulia maji. Jana nilimwaga supu nzima ya mbuzi aliyoichemsha tangu asubuhi. Nililia nikiimwaga kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kiprugut sijamwambia. Nitamwambia nini? Kwamba mama yake ananiwekea sumu? Akinijibu vibaya nitakaa wapi?

Kwa hiyo ni uji tu. Asubuhi, mchana na jioni, jagi zima. Ndicho kitu pekee ninachokunywa bila kuogopa.

Abby

*

Kiamunyi
26 Novemba 2024

Mtoto wangu,

Umefanya vizuri. Endelea hivyohivyo. Sasa tunajua.

Kiprugut usimwambie bado, mwanamume hukatwa vipande viwili na maneno kama hayo. Mimi nimemwomba mchungaji atuombee bila kumtajia jina. Plasta ikitoka mapema nitakuja mwenyewe nikae mlangoni kwako mpaka ujifungue.

Nimekutumia unga wa wimbi kilo nne, umesagwa jana mbele ya macho yangu, na ndimu kumi. Kwa damu iliyopungua, ndimu ni nzuri, inasaidia vile vidonge vifanye kazi. Ukamulie ndani ya jagi lenyewe, jioni unapoutia uji, ukae nayo mpaka asubuhi. Uuache uchachuke zaidi kuliko ulivyozoea, ukiweza hata siku mbili. Uji mkali ndio wenye nguvu.

Na jagi usiliache jikoni. Liweke chumbani kwako, karibu na kitanda, ulifunike na sahani. Asiliguse.

Usiku nalala kwa saa mbili tatu tu, nikiamka nakutafuta kitandani kama ulipokuwa mdogo. Shika sana, umebakisha miezi miwili.

Mama

*

Olkaria
17 Desemba 2024

Kwa Mama Abby,

Salamu. Hii ni Cherono, mama ya Kiprugut. Mimi si mtu wa kuandika, utanivumilia. Kiprugut alikupigia simu akakuambia Abby amelazwa. Hakukuambia ni ugonjwa gani kwa sababu nilimwomba aniachie mimi.

Tarehe sita Abby alishindwa kushika kikombe. Mkono ulianguka tu hivi, kama umekatwa kamba. Tulimpeleka hospitali na gari ya kazi ya Kiprugut. Nilibaki nyumbani kupanga nguo zake na kusafisha chumba, ndio nikaona ile jagi chini ya kitanda, imefunikwa. Nikaiosha.

Mama Abby, mimi nimeosha vyombo vya maziwa tangu nikiwa msichana. Kibuyu ukikiosha unaingiza mkono unasikia ndani na vidole, kwa sababu kitu kichachu kinakula chombo, na chombo kikiliwa maziwa inaharibika. Ile jagi juu ilikuwa laini. Chini, pale uji inafika, ilikuwa inakwaruza. Nikaipeleka dirishani. Maua ya juu inang'aa. Maua ya chini imeisha. Zile za machungwa hazikuwako kabisa. Nikajiuliza, zimeenda wapi? Hakuna pahali zingeenda isipokuwa tumbo ya Abby.

Niliifunga kwa leso nikaenda nayo hospitali. Daktari wa kwanza alinicheka kidogo. Wa pili, mama mmoja, aliangalia Abby kwa ufizi, akaona mstari wa buluu hapo kwa meno. Damu ikatumwa Nairobi. Majibu imekuja jana. Ni madini ya risasi, hiyo inawekwa kwa betri ya gari. Inakuwa kwa rangi ya vyombo vingine vya kupambia, si vya chakula. Ukiweka kitu kichachu inatoka, ukiweka ndimu inatoka zaidi. Daktari anasema imeingia kwa mtoto pia, lakini kiasi gani hawezi kujua mpaka azaliwe. Saa hii anapewa dawa na anakula. Anakula chakula yangu.

Kuna jambo lingine. Mwezi wa kumi na moja nilifungua bakuli ya sukari nikakuta barua. Wewe hutuma maelezo na kila chombo, nikafikiri ni maelezo ya bakuli, nisome nisikiharibu. Nikasoma yote, nikairudisha humo.

Sikukasirika. Niliogopa. Nilijua anamwaga supu yangu, sinki inabaki na mafuta. Nilitaka kurudi Ravine. Halafu nikafikiri, nikienda na mtoto akufe, nitaitwa muuaji mpaka nizikwe. Na nikibaki na mtoto akufe, ni hivyohivyo. Basi nikabaki, nikaendelea kupika.

Siku ya mahari sikukataa chakula yako. Niliogopa vyombo. Vilikuwa vingi, na kila mtu alijua kijiko gani ni ya wapi isipokuwa mimi. Nilikuwa na njaa sana siku hiyo.

Cherono

*

Kiamunyi
23 Desemba 2024

Mama Kiprugut,

Nimeanza barua hii mara nne.

Jana nilimpigia Mboni nimfokee kwa kuniuzia sumu. Akasema, "Lakini Mwalimu, si nilikuambia ni ya maua?" Aliniambia. Aliniambia hapa sebuleni na mimi nikamcheka mbele ya jirani yangu.

Ndimu ni mimi. Siku mbili ni mimi. Kumwekea kando ya kitanda ni mimi.

Siwezi kuandika zaidi. Tafadhali mshike mkono Abby.

Wawira

*

Olkaria
2 Februari 2025

Mum,

Umeshasikia kwa simu kwamba tumepata msichana, lakini kwa simu ulikuwa unalia na mimi nikawa nalia, hatukuambizana kitu. Ni Chepkemei, kwa kuwa amezaliwa kiangazi. Kilo mbili na robo. Ana vidole virefu kama vyako.

Walimpima damu siku ya pili. Risasi iko. Ni kidogo kuliko yangu, ila iko. Watampima kila mwezi mwaka huu wote. Nilimwuliza daktari kama atasoma, kama atatembea kama watoto wengine. Alisema mara nyingi watoto wa kiasi hiki huendelea vizuri, lakini hawezi kuniahidi, tutamwangalia tu. Kwa hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Akilia sana naogopa. Akinyamaza sana naogopa.

Nimekukasirikia, Mum. Nilitaka uisikie kwangu. Nilikukasirikia hospitalini nikiwa siwezi kushika kijiko, na nikajikasirikia mimi pia, kwa sababu mwanamke mzima nilimwaga chakula cha mtu aliyenichemshia maji kila asubuhi, ati kwa vile mama yangu ameogopa. Sasa hasira zimepungua kwa sababu sina nguvu ya kuzibeba pamoja na mtoto. Labda zitarudi.

Mama Kiprugut humwogesha Chepkemei akimwimbia Kikalenjin. Hajawahi kukutaja vibaya hata mara moja. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Yeye alikuwa anaogopa mtoto wake afe. Mimi pia nilikuwa naogopa mtoto wangu aachwe. Sasa nani atacheka mwingine?"

Njoo umwone mjukuu wako. Usitume chombo.

Abby

*

Kiamunyi
5 Februari 2025

Mama Kiprugut,

Plasta imetoka juzi. Mguu umekonda na unauma, lakini unatembea. Jumamosi nitakuja, Mungu akipenda, na saa sita mchana nitakuwa getini. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu nyumba ile sasa wewe ndiwe uliyeilinda, na sitaki kuingia bila kukubaliwa nawe.

Nilimfundisha mtoto wangu kukuogopa. Wakati huohuo nilikuwa nimeketi hapa Kiamunyi nikimtia sumu kwa mkono wangu, tena nikimwandikia namna ya kuikoleza. Ungemwacha anywe wiki nyingine mbili tungekuwa tumezika watu wawili, na mimi kwenye mazishi ningekunyooshea wewe kidole. Hilo ndilo linaloniamsha. Si kwamba nilikosea. Ni kwamba nilikuwa na uhakika kabisa.

Kabati la vyombo liko palepale ukutani. Sijavunja kitu. Ningevivunja ningejisikia nimelipa, na sijalipa. Lakini nikipita hapo napita upande wa pili, na chai yangu nanywa kwa kikombe cha bati. Naangalia bakuli la supu nililovunjikia mguu na naliogopa kama mtu anavyoogopa mbwa aliyekwisha kumwuma. Chepkemei namwogopa pia. Naogopa kumwangalia machoni nione kitu ambacho daktari hajakiona. Niambie kama ataweza kunikazia macho. Abby alianza kunikazia macho akiwa na wiki tano.

Nitakuja mikono mitupu. Nimefikiria unga, sukari, shali ya mtoto, kila kitu nimekirudisha. Sijawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu maisha yangu yote, na nitaona aibu pale getini, nawe uniache nione.

Nina ombi moja, na ukilikataa nitaelewa. Siku ile ya mahari ulikaa mezani kwangu na njaa yako na mimi sikuona. Jumamosi, kama umebakisha kidogo kwenye kile kibuyu nilichomkataza Abby asionje, nimiminie. Mimina kwa kikombe chochote kilicho karibu. Nitakunywa chote mbele yako, na sitauliza chombo ni cha nini.

Wawira